Msimu wa korosho ukumbini: namna ya kuendesha usiku wa msanii Mtwara na Lindi usije ukazaa Burning Sun

Minada ya korosho ikishachanganya na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kila ukumbi kuanzia Shangani hadi Masasi, na kule Lindi kuanzia mjini hadi Ruangwa, unataka msanii kutoka Dar. Mabango yanabandikwa, spika zinakodiwa, na meneja anahangaika na jukwaa, umeme na chumba cha msanii. Huku kwingine anakosahau ndiko kunakompeleka mtu mahakamani: mlangoni, VIP, chooni, kwenye simu za wafanyakazi, na kwenye bahasha ya kaki anayopewa askari.

Mwongozo huu ni wa mwenye ukumbi, meneja na promota. Mfano tunaoutumia ni kashfa ya klabu ya Burning Sun ya Korea Kusini, kwa sababu kule mambo yote hayo yalikusanyika kwenye jengo moja na mahakama zimeshayapitia.

Burning Sun ilikuwa klabu ya chini ya ardhi katika hoteli ya Le Méridien, mtaa wa Gangnam, jijini Seoul. Ilifunguliwa Februari 2018, ikafungwa Februari 2019. Sura yake mbele ya watu ilikuwa Seungri, mwimbaji wa kundi la muziki la Big Bang. Moshi ulianzia kwa mteja aliyesema amepigwa klabuni Novemba 2018 na kisha akakamatwa yeye. Televisheni ya MBC iliirusha habari hiyo Januari 2019. Baada ya hapo zikafuata tuhuma za wanawake kuwekewa dawa kwenye vinywaji, halafu yakaibuka magumzo ya KakaoTalk, programu ya Wakorea ya kutumiana ujumbe, ambamo mwimbaji Jung Joon-young alikuwa akiwatumia wenzake video za wanawake waliorekodiwa bila kujua. Jung alihukumiwa miaka 6 mwaka 2019 kwa ubakaji wa kundi na kusambaza video hizo, rufaa ikapunguza hadi 5. Choi Jong-hoon wa bendi ya F.T. Island, mwenzake kwenye kesi hiyo, alipewa miaka 5, ikashuka hadi miwili na nusu. Seungri alitiwa hatiani kwa makosa tisa Agosti 2021, yakiwemo kuwatafutia watu makahaba, ubadhirifu na kamari. Miaka 3 ya mwanzo ikashuka hadi mwaka mmoja na nusu.

Watu wengi husoma habari hii kama hadithi ya vijana wenye hela waliopotoka. Ukiisoma kama mtu wa ukumbi, unaona biashara iliyopangwa hivi kwamba uhalifu ulikuwa unailipa. Kwa hiyo tuanze na hela.

Meza na kamisheni

Klabu za Gangnam zilijazwa na mawakala wanaoitwa MD. Wakala analipwa kamisheni kwa meza aliyouza. Mwanaume mwenye hela analipia meza kwa bei ya kutisha: Burning Sun ilikuwa na seti ya vinywaji ya won milioni 100, karibu shilingi milioni 200 kwa thamani ya wakati ule. Hakuna konyaki duniani yenye utamu wa milioni 200. Kinachouzwa pale ni kuonekana, pamoja na wasichana wazuri ambao wakala amewaingiza bure na kuwazungusha mezani.

Sasa fikiria msichana mmoja akisema "nimechoka, naondoka." Wakala anapoteza mteja wa wiki ijayo, meneja anapoteza meza, mteja anaona ameibiwa. Watu watatu wana sababu ya kumzuia, na hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kumfungulia mlango. Dawa ndani ya glasi huja baadaye. Njia imeshasafishwa na kamisheni.

Hapa kwetu hawaitwi MD. Ni chawa wa promota, ni "dada wa meza", ni kijana anayepewa elfu tano kwa kila msichana wa chuo anayemleta kabla ya saa 4 usiku. Muundo ni ule ule. Fanya hivi:

Lipa wauza tiketi kwa tiketi, asilimia ile ile awe amemuuzia mwanaume au mwanamke. Asilimia 5 hadi 10 inatosha. Usilipe kamwe kwa kichwa cha msichana aliyeingia VIP.

Kiingilio cha "wadada bure" kiondoe. Ukitaka kuwavuta wanawake, weka bei ndogo iliyo sawa kwa wote kabla ya saa 4. Anayeingia bure huonekana na wengine kama deni linalotembea.

Andika kwenye kadi ya bei ya VIP kinachonunuliwa: viti vingapi, chupa ngapi, maji, barafu, mhudumu mmoja. Mteja akiuliza "na watu je?", mhudumu ajibu: "Kaka, watu unakuja nao." Maneno hayo yafundishwe hivyo hivyo, maana mhudumu wa miaka 20 akikosa jibu lililoandaliwa atacheka tu, na kicheko kitahesabiwa kuwa ndiyo.

Meza ya VIP isiwe na pazia wala mlango usioonekana ndani. Kama kuna chumba, mlango uwe na kioo cha angalau sentimita 30 kwa 60 usawa wa macho, na komeo la ndani ling'olewe. Wenye ukumbi hulalamika kwamba wateja wakubwa watakimbia. Wachache watakimbia kweli, na hao ndio uliokuwa unawalipia.

Leseni ya kweli na jina la kweli

Kabla ya Burning Sun, Seungri na mshirika wake Yoo In-seok walikuwa na baa Gangnam iitwayo Monkey Museum, iliyofunguliwa 2016. Iliandikishwa kama mgahawa wa kawaida huku ikiendeshwa kama ukumbi wa starehe. Kodi ya mgahawa ni nafuu na masharti yake ni mepesi. Lakini ukishakuwa na leseni ya uongo, kila askari na kila jirani mwenye kinyongo anakushika shati. Unaanza kuhitaji rafiki polisi, na rafiki huyo naye ana bei yake.

Huku kusini mchezo huo unajulikana: leseni inasema mgahawa, saa 7 usiku kuna muziki na watu 500. Nenda halmashauri ukate leseni ya vileo inayolingana na unachofanya, na kwa afisa utamaduni kwa vibali vya BASATA vya ukumbi na vya onesho. Anza wiki nne kabla; mwezi Novemba wote mnakimbilia ofisi hiyo hiyo. Kila malipo ya serikali yapite kwa namba ya malipo. Ukiambiwa "lipa kwenye simu yangu nikusaidie", hapo leseni yako imeshaoza hata kama karatasi ni halali.

Jambo la pili ni jina. Seungri alikuwa akiitangaza klabu kama yake. Moto ulipowaka Februari 2019 akasema kazi yake ilikuwa kuitangaza tu, uendeshaji haukuwa wake. Kwa hiyo kwenye mkataba na msanii au promota andika mtu mmoja, kwa jina na namba ya kitambulisho, anayewajibika kwa usalama usiku huo kuanzia saa 12 jioni hadi mtu wa mwisho atoke. Asiwe msanii. Asiwe "kamati" pia. Jina lake libandikwe kaunta pamoja na namba ya simu, na asionje pombe.

Askari

Unahitaji polisi, hilo halina mjadala. Andika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya siku 14 kabla: tarehe, saa, idadi ya watu unaotarajia, ramani ya milango, jina la mwajibikaji. Omba ulinzi wa kulipiwa kama utaratibu upo, lipa rasmi, tunza risiti. Chakula na maji wape wote, mezani pao, nje ya VIP. Pombe usiwape wakiwa kazini.

Bahasha ndiyo inayoharibu. Meneja anadhani ananunua ulinzi, kumbe ananunua ukimya, na ukimya hauchagui. Usiku binti akivamiwa, askari yule yule aliyekunywa kwako ndiye atakayeandika maelezo, naye atamwandika binti kama mlevi aliyeleta fujo.

Kesi ya Korea ina funzo la karatasi pia. Ofisa wa cheo cha juu aliyetajwa kwenye magumzo ya akina Seungri alifikishwa mahakamani. Tuhuma kwamba aliwasaidia kuhusu Monkey Museum zilianguka, na 2021 akaishia kwenye faini ya won milioni 20 kwa makosa mengine. Wakorea walikasirika sana. Lakini mahakama huhukumu kilichoandikwa, na mambo ya kirafiki huwa hayaandikwi. Ndiyo maana unahitaji daftari la matukio: gumu, lenye kurasa zenye namba zilizochapwa, lisiloweza kuchanwa bila kuonekana. Ofisa yeyote anayekaa meza ya bure anaandikwa: cheo, saa aliyoingia, alichokunywa, nani aliruhusu. Wengi wakiliona daftari wanalipia wenyewe.

Ukiombwa hongo, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tangu 2015. Mfanyakazi wako aijue, na ajue kwamba hutamfukuza.

Mlangoni

Kwa watu 600 weka mabaunsa 8, yaani mmoja kwa watu 75 hivi, na wawili au watatu kati yao wawe wanawake. Ukumbi usio na baunsa mwanamke hauna mtu wa kuingia choo cha wanawake, na huko ndiko matatizo mengi yanakoonekana kwanza.

Umri ni miaka 18, kwa kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Novemba ndiyo mwezi wa kidato cha nne kumaliza mitihani, na ndiyo mwezi ambao korosho imelipa. Mabinti wa miaka 16 na 17 watakuja wamejipamba kama wa 25. Baunsa asikadirie kwa macho. Hana kitambulisho, haingii ndani, hata akiwa na mtu mzima anayesema "huyu ni mdogo wangu."

Anayetoka akiwa amebebwa au ameshikiliwa asimamishwe. Hii ndiyo kazi kubwa ya mlango, na karibu hakuna ukumbi unaoifanya. Wote wanakagua wanaoingia. Baunsa mwanamke amuulize msichana mwenyewe: "Dada, huyu unamfahamu? Anaitwa nani? Mnaenda wapi?" Asipoweza kujibu matatu hayo, haondoki na mtu huyo. Mwanaume aambiwe kwa upole: "Kaka, tunamsubiri ndugu yake." Anayemjali kweli atakaa angoje. Mwingine ataanza kutaja majina ya wakubwa.

Ugomvi ukitokea, baunsa anashika na kutenganisha, hapigi. Aliyelalamika kupigwa na mfanyakazi wako aandikiwe maelezo kwanza, kabla ya mfanyakazi. Burning Sun isingejulikana mapema vile kama ugomvi wa usiku mmoja ungeshughulikiwa kwa haki.

Kinywaji

Dawa iliyotajwa sana katika kashfa ile ni GHB, dawa ya kulevya ya maji inayomlaza mtu. Haina rangi, ina chumvi kidogo ambayo pombe huifunika, na huanza kufanya kazi ndani ya dakika 15 hadi 30. Ubaya wake kwa upelelezi ni kwamba hutoka mwilini haraka: kwenye damu saa 6 hadi 8 hivi, kwenye mkojo karibu saa 12. Mwanamke anayezinduka saa 5 asubuhi, akaoga, akalia, akajishauri hadi jioni, ameshapoteza kipimo. Huku kwetu usitazamie GHB. Tazamia vidonge vya usingizi vya dukani, na zaidi ya vyote pombe kali iliyoongezwa kwenye soda bila mnywaji kuambiwa.

Chupa zote, bia na kali, zifunguliwe mezani mbele ya mnywaji. Jagi la kuchanganyia lipigwe marufuku. Glasi iliyoachwa bila mtu inamwagwa, na mwenyewe akirudi anapewa nyingine; tenga chupa mbili au tatu za hasara kwa usiku, ni bei ndogo. Barafu itoke kaunta kwenye ndoo yenye kifuniko. Anayemnunulia mtu asiye mezani kwake hakabidhiwi glasi. Mhudumu anaipeleka mwenyewe na kusema imetoka kwa nani.

Choo, kamera na simu

Kurekodiwa kwa siri chooni kulifika mahali pabaya Korea hadi mwaka 2018 jiji la Seoul likatangaza kukagua vyoo vya umma kila siku. Wewe kagua kabla ya kufungua na mara moja katikati ya usiku. Zima taa, pitisha tochi taratibu ukitafuta kijicho kinachong'aa: kwenye ndoano za nguo, soketi, boksi la tishu, tundu la bomba, pengo chini ya ukuta wa kugawa. Matundu yote yazibwe kwa simenti au silikoni. Chumba cha kubadilishia wacheza shoo kinasahaulika zaidi ya choo.

Kamera zako mwenyewe ziwe mlangoni, kaunta, korido ya VIP, korido ya vyoo na maegesho. Ndani ya choo na chumba cha kubadilishia, kamwe. Hesabu ya kuhifadhi ni rahisi: kamera moja kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula takriban GB 0.9 kwa saa. Kamera 8 kwa saa 10 ni GB 72 kwa usiku. Diski ya TB 1 inakupa usiku 13 tu kabla haijaanza kujifuta. Ya TB 2, usiku 27. Nunua ya TB 2, maana malalamiko mengi huja wiki ya pili au ya tatu.

Kinachoharibu ushahidi huku mara nyingi si mtu, ni umeme. TANESCO ikikata, jenereta inachukua sekunde 30 hadi dakika mbili, na mashine ya kurekodi inazimika. Betri yake ndogo ya ndani, mara nyingi CR2032, ikiwa imekufa, ikiwaka inarudi tarehe ya kiwandani. Picha ya tarehe 1 Januari ya mwaka usiojulikana, wakili ataipinga. Weka UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650, badilisha betri kila mwaka, na kila jioni linganisha saa ya mashine na ya simu, uandike kwenye daftari. Taa mbili za dharura zinazojiwasha ziwe VIP na korido ya vyoo: dakika ile ya giza si ya kuichezea.

Kuhusu simu, kundi la WhatsApp la wafanyakazi liwe na sheria moja: hakuna picha wala video ya mteja. Magumzo ya Seoul yalikuwa na wanaotuma na wanaocheka, na hao wa kucheka walijiona hawamo. Video ya namna hiyo ikikufikia, usiisambaze, hata kwa bosi "ili aone". Andika namba iliyotuma, tarehe, saa na jina la kundi, kisha peleka simu yenyewe polisi. Ukiisambaza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 itakugeuza mtuhumiwa. Ukiifuta, umemsaidia aliyerekodi. Jung alishalalamikiwa mwaka 2016 na mwanamke aliyesema amerekodiwa. Kesi ikafungwa bila simu kuchunguzwa inavyopaswa, na yaliyokuwemo yakaja kuonekana 2019, wakili alipoyafikisha kwenye tume ya kupambana na rushwa.

Nusu saa ya kwanza

Binti amekutwa chooni hajitambui, au amesema amevamiwa. Hapa fuata mpangilio.

1. Baunsa mwanamke anakaa naye, haondoki. Mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo, asipaliwe na matapishi. Usimpe kahawa, maziwa wala maji ya chumvi.

2. Mtu wa pili anachukua glasi na chupa yake kwa tishu safi, anazifunika, anaandika saa na meza. Meza isifutwe.

3. Gari. Mtwara mjini ni hospitali ya Ligula, Lindi ni ya Sokoine. Bajaji haifai kwa asiyejitambua. Matibabu yasingoje karatasi. Ndugu au mfanyakazi mwingine afuate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni na kuuliza Dawati la Jinsia na Watoto.

4. Mkojo wa kwanza ndio wenye thamani. Akihitaji kwenda kabla ya kufika, ukingwe kwenye chombo safi chenye kifuniko, uandikwe saa. Asioge, asibadili nguo. Zikivuliwa, ziwekwe kwenye mfuko wa kaki, kila moja wake. Nailoni hushika unyevu na kuozesha ushahidi.

5. Hospitali waulizwe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Mwisho ni saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

6. Meneja ananakili picha za kamera usiku huo huo kwenye flashi mbili, moja ya polisi kwa kusainiwa. Daftari linaandikwa maneno ya binti kama alivyoyasema, bila "anadai" na bila "alikuwa amelewa".

Mtu akikwambia alikuwa amelewa kwa hiari yake, mwonyeshe kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu: ridhaa ya mwanamke aliyeleweshwa kwa kitu alichopewa na mwanaume huyo au mtu mwingine haihesabiki kuwa ridhaa, isipokuwa iwe imethibitika waliafikiana kabla.

Wacheza shoo na wanaotaka "kutolewa"

Kila msanii akija, kuna mabinti wa Chuno au Mikindani wanaoahidiwa nafasi kwenye video, "ila uje kwanza hotelini umwone meneja." Korea walikuwa na onyo lao miaka kumi kabla ya Burning Sun: mwigizaji Jang Ja-yeon alifariki Machi 2009 akiacha maandishi kwamba alilazimishwa kuwastarehesha wakubwa wa tasnia. Kwa Tanzania hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na inaripotiwa 113 hiyo hiyo.

Usaili wa wacheza shoo ufanyike ukumbini, mchana, milango wazi, watu watatu wakiwepo. Malipo yaandikwe kabla ya mazoezi na yatumwe kwenye namba ya mchezaji mwenyewe. Usafiri wa kurudi nyumbani ulipwe na promota, dereva ajulikane kwa jina. Baada ya shoo mcheza shoo hana kazi nyingine. "Kwenda kumsalimia mheshimiwa mezani" si sehemu ya shoo.

Ukifunga saa 10 alfajiri, mwajibikaji apite vyoo vyote, vyumba vyote na maegesho akiwa na tochi. Asaini daftari, afunge mashine ya kamera kwa kufuli, ufunguo mmoja abaki nao na mwingine aukabidhi kwa mtu asiye ndugu yake wala wa mwenye ukumbi.